Waliokunywa Siku ya Kiwanja

Gikondo, 9 Machi 2025

Akimana mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata kwa dereva wa basi la Kirehe. Mimi mzima. Mgongo unauma ila huo ni wa kazi. Mvua imeanza, tunakaa chini ya mabati tunangoja ikatike, na fundi anatutukana kama sisi ndo tumeileta. Bado niko yede, msaidizi wa fundi. Zamani nilibeba matofali tu, sasa wananiachia na kuchanganya saruji. Hicho ndo cheo changu.

Nakuandikia Kiswahili maana ndo nilichosomea kule Karagwe, mpaka darasa la tano. Kinyarwanda nakiongea, kukiandika kinanishinda. Na simu sitaki. Nikikupigia unasema mtandao unakata. Barua haikati.

Nasikia unasomea mtihani wa gitifu wa akagari, yule mtendaji wa mtaa. Vizuri. Tutapata mtu wetu wa kukaa ofisini.

Sasa neno lenyewe. Baba yako alikuja hapa Jumapili. Hakukaa. Alitembea toka mlangoni mpaka kwenye mfereji, anahesabu hatua kwa mdomo. Nikamuuliza, "Shemeji, umedondosha kitu nikusaidie kutafuta?" Akasema, "Naangalia kiwanja changu." Anasema alikinunua yeye. Anasema mume wangu Rugamba alikuwa mlinzi wake tu. Mdogo wake amekufa mwaka jana, hajaoza, keshakuwa mlinzi.

Nikamfukuza. Ila atarudi, namjua.

Wewe unasoma katiba. Inasema nini juu ya mjane? Andika kifupi.

Mama yako mdogo,
Jovia


Kirehe, 2 Aprili 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo, na pole na mvua. Huku nyumbani tuko salama, wawili wetu kama unavyojua. Ng'ombe mmoja amezaa dume. Migomba ya kule bondeni imeangushwa na upepo na baba ameisimamisha na miti.

Kusoma kunaendelea. Kila asubuhi baba anakamua huku ananiuliza maswali. Anaweka katiba juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafungua popote, halafu anasema, "Haya gitifu, Bunge lina vyumba vingapi?" Nasema viwili. "Wabunge wangapi?" Themanini. "Maseneta?" Ishirini na sita. "Rais anakaa miaka mingapi?" Mitano, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja. Nikikosea anamnyima ndama maziwa, anasema ni kosa langu. Hajawahi kusoma zaidi ya darasa la tatu lakini sasa anawasahihisha majirani habari za Seneti.

Kuhusu swali lako. Katiba inasema mali ya mtu haiguswi ovyo, na mume na mke wana haki sawa. Ni maneno mazuri. Nitasoma zaidi nikuandikie vizuri.

Nikuulize jambo dogo tu. Wewe na baba mdogo mliwahi kwenda ofisi ya sekta kushika bendera, kuandikisha ndoa?

Mwanao,
Akimana


Gikondo, 27 Aprili 2025

Akimana,

Mzima. Jirani amefiwa na mama, tumetoka kuzika. Bei ya maharage sitaki hata kuitaja.

Wabunge themanini! Wanafanya nini wote hao? Sisi yede kumi na wawili tumemimina ghorofa nzima, na mmoja wetu ana mkono mbovu.

Haki sawa nimeielewa. Nilitaka kitu cha kumpiga nacho baba yako, umeniletea kitambaa.

Maana ameenda kwa abunzi, wale wasuluhishi wa mtaa. Ameshtaki. Nimeletewa karatasi, mwenyekiti wao ni Daphrose, yule muuza mkaa wa chini ya kanisa. Mama mkali, hapendi maneno mengi. Nikamwambia Rugamba na mimi tulinunua kwa marehemu Ntare. Akauliza, hati ya ardhi ina jina la nani? La Ntare. Hatukubadilisha. Akauliza, basi nani walikunywa siku ya kuuza?

Nikawataja. Ntare mwenyewe, amekufa. Rugamba, amekufa. Achille jirani, ameenda Uganda na hakuna anayejua wapi. Na Akimana.

Usijifanye umesahau. Ulikuwa umekuja kututembelea, una kitambulisho kipya, unakionyesha kila mtu. Ntare akasema huyu naye ni mtu mzima, anywe. Bia ukakataa, tukakupa Fanta ya machungwa. Unajua kwetu kiwanja kikiuzwa aliyekunywa ni shahidi. Hatukukupa ile Fanta kwa sababu ya kiu.

Baba yako anasema alikuwepo na yeye ndo alinunua kinywaji. Wewe ulikuwa umekaa pale. Alikuwepo?

Jovia


Kirehe, 25 Mei 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe, nimechelewa. Nilipata malaria, si kali, kisha tukawa na palizi. Ndama anakua vizuri, baba amempa jina Seneta.

Tarehe ya mtihani bado haijatangazwa. Tumeomba watu wengi kweli kweli na nafasi ni mbili kwa sekta nzima. Rafiki yangu Pretty wa Rwamagana alifanya mwaka jana, anasema wanapenda sana kuuliza tofauti ya akagari na sekta, nani anawajibika kwa nani, na huduma zipi raia anapata wapi. Kwanza mtihani wa kuandika, halafu mahojiano ya mdomo.

Kuhusu abunzi, nimesoma. Ni watu waaminifu wanaochaguliwa na wakazi wenyewe. Hawalipwi mshahara. Kazi yao ya kwanza ni kupatanisha, ikishindikana ndipo wanaamua. Asiyeridhika ana mwezi mmoja kukata rufaa. Kwa hiyo usiogope, labda mtapatana tu, wewe na baba. Ninyi ni ndugu.

Swali langu la bendera hukulijibu. Naomba unijibu, lina maana.

Mwanao,
Akimana


Gikondo, 8 Juni 2025

Akimana,

Pole na malaria. Mimi mzima.

Abunzi nawajua. Nawaona kila Jumamosi, wanakaa kwenye benchi ya shule. Sikukuuliza abunzi ni nani. Nilikuuliza baba yako alikuwepo au hakuwepo.

Bendera hatukushika. Haya, umeridhika? Mahari ilitolewa, ng'ombe wawili, Karagwe nzima ilikula na wewe ulibebwa mgongoni siku hiyo. Hapa Kigali sekta waliita watu wote waliokaa pamoja bila kuandikishwa, waje waandikishwe siku moja, bure. Tukajiandikisha. Siku yenyewe Rugamba alikuwa anamimina zege Kanombe. Zege halisubiri. Nilivaa gauni, nikakaa sekta mpaka wakafunga milango, nikarudi. Akasema tutaenda mwaka ujao. Miaka ijayo ilikuwa mingi.

Nimekujibu. Nijibu.

Jovia


Kirehe, 6 Julai 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Tuko wazima.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Leo baba ameenda mnadani, nina nafasi.

Ndoa inayotambuliwa na katiba ni moja tu, ile ya serikali. Ibara ya kumi na saba. Nilijua tangu Machi, siku ile ile barua yako ilipofika. Ndiyo maana nilikuuliza bendera badala ya kukujibu. Nilitumaini utasema ndiyo. Mbele ya katiba, wewe si mke wa baba mdogo, kwa hiyo ukienda kule ukisema "mimi mjane, nipeni changu", baba atasimama aseme, "Cheti kiko wapi?" na itakuwa imeisha. Analijua hilo. Mimi ndiye niliyemsomea. Aliniuliza asubuhi moja anakamua, kama anavyouliza mengine yote, na mimi nikajibu harakaharaka, nikafurahi sijakosea. Alimaliza kukamua, halafu akasema, "Umepata."

Lakini mke ni kitu kimoja na mnunuzi ni kitu kingine. Mtu yeyote anaweza kununua kiwanja. Na siku ile nilikuwepo, sijasahau chochote. Wewe ndiye uliyemimina vinywaji. Mzee Ntare aliuliza, "Namuuzia nani?" Baba mdogo akasema, "Sisi wawili." Mzee akataka wewe pia useme kwa mdomo wako. Ukasema, "Mimi na huyu." Watu wakacheka kwa jinsi ulivyomnyooshea kidole. Ndipo tukanywa.

Baba hakuwepo. Alikuwa huku Kirehe.

Umepata jibu. Sasa naomba unielewe. Siwezi kuja kusema hivyo mbele ya watu. Nyumba hii tuko wawili tu. Amenisomesha kwa mikono yake. Na hiyo kazi ninayoomba ni ya kusikiliza ugomvi wa watu. Kwenye mahojiano wakisikia nilisimama hadharani nikamwita baba yangu mwongo, nani atanipa ofisi?

Nitaandika yote kwenye karatasi, nitie sahihi na namba ya kitambulisho. Wasomewe. Inatosha, au sivyo?

Akimana


Gikondo, 20 Julai 2025

Akimana,

Barua nimesoma mara mbili. Ya kwanza nilikutukana. Ya pili nikaacha.

Kumbe baba yako anasomea mtihani wako kuliko wewe.

Nilimpelekea Daphrose habari ya karatasi. Alikuwa anapima mkaa, hata hakunitazama. Akasema, "Karatasi haikunywa. Aje aliyekunywa."

Siku ni Jumamosi tarehe kumi na sita Agosti, asubuhi, kwenye benchi za shule.

Sikubembelezi. Wewe ni mtu mzima, na huyo ni baba yako, mimi ni mke wa marehemu ambaye hata siyo mke. Usipokuja nitasema mwenyewe, watasema anajisemea, nitatoka na godoro langu. Kuna mwenzangu wa kazini anaishi Rwezamenyo, ana kona. Mikono ninayo.

Ila usiniandikie tena kwamba sisi ni ndugu tutapatana. Ndugu hahesabu hatua mlangoni kwangu.

Jovia


Kirehe, 10 Agosti 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Tarehe imetoka. Mtihani ni Jumatatu tarehe kumi na nane, huko huko Kigali. Baba amefurahi sana, ameninyooshea nguo zote kwa pasi ya jirani, hata zile ambazo sitavaa. Anasema yeye atatangulia Jumamosi ana shughuli zake, mimi nipumzike.

Nitakuja Kigali Jumapili.

Akimana


Rwamagana, 7 Septemba 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Niko kwa Pretty, ana chumba kimoja na watoto wawili, lakini ananivumilia. Nafundisha watoto wa jirani hesabu jioni. Nyumbani sijarudi tangu siku ile.

Siku ile hatukuongea. Ulinipa ufunguo, ukaenda kazini Jumamosi mchana kama vile hakuna kilichotokea, na uliporudi ulilala. Jumapili ikapita hivyo hivyo, Jumatatu nikatoka kwenda mtihani wewe umeshatangulia. Kwa hiyo nakuambia sasa.

Niliandika Jumapili na nilikusudia Jumapili. Alfajiri ile ya Jumamosi baba alivaa koti, akanywa chai, akaniambia, "Soma zile ibara za mahakama, umezilegeza." Akaenda kupanda basi. Nikafungua kitabu. Nikasoma ukurasa mmoja na sikuona hata neno. Nikapanda basi lililomfuata, na kitabu mkononi, sina hata mfuko.

Nilipofika alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea vizuri, Mama mdogo. Alisema, "Nasimama mbele yenu kama raia anayeheshimu katiba." Alitaja ibara ya kumi na saba bila kukosea hata herufi. Wewe ulikuwa umekaa na viatu vya kazi vina saruji. Akasema ndiye aliyenunua kinywaji, na mashahidi wote wamekufa au wamehama. Daphrose akauliza, "Wote?" Akasema, "Wote." Ndipo nikasogea mbele.

Unakumbuka Daphrose alivyouliza. "Wewe ni nani?"

"Akimana, binti wa Bayingana."

Mzee mmoja wa abunzi, aliyekaa pembeni yake, akacheka, "Basi huyu ni shahidi wa baba."

Daphrose hakucheka. "Ulikunywa?"

"Fanta."

"Siku hiyo baba yako alikaa upande gani?"

Nilimwangalia kwanza. Alikuwa ananitazama vile vile anavyonitazama akikamua, ananingoja nijibu. Nikasema, "Hakukaa upande wowote. Hakuwepo." Halafu nikasema mengine yote, Mzee Ntare alivyouliza na wewe ulivyojibu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alichukua kofia yake akatoka, na hakugeuka.

Mtihani niliufanya, na mahojiano yake. Matokeo yametoka, nimekuwa wa tatu. Wamechukua wawili. Jina langu linabaki kwenye akiba, mtu akiondoka wataniita, au hawataniita.

Uamuzi wa abunzi Pretty alinisomea kwenye simu yake, ile picha uliyomwomba dereva aipige. Kiwanja ni chako. Lakini bado ana haki ya kukata rufaa, mwezi mmoja tangu alipopewa nakala, na ninavyohesabu unaisha Ijumaa ya tarehe kumi na tisa. Akikata, kesi inaenda sekta, nitaitwa tena, nitasimama tena. Sijui kama nitaweza mara ya pili. Nikisikia pikipiki inasimama hapa nje nadhani ni yule anayeleta karatasi.

Amekata? Niambie tu. Usinifiche.

Akimana


Gikondo, 21 Septemba 2025

Akimana,

Mzima. Site imefungwa wiki nzima, mwenye jengo amegombana na mhandisi. Msalimie huyo Pretty, mwambie asante.

Baba yako alikuja Ijumaa. Hiyo hiyo unayohesabu.

Saa nane mchana. Nilikuwa naanua nguo. Akasimama njiani na koti lake, kwenye mfuko wa kifuani karatasi imejitokeza, imekunjwa. Ofisi ya akagari, inakopelekwa rufaa, unaijua ilipo, ukiwa mlangoni pangu unaona mpaka dirisha la karani. Watu watatu walikuwa kwenye mstari. Nikasema moyoni haya, anapita kuniringishia.

Hakupita. Akakaa kwenye jiwe la kufulia.

Nikamwambia, "Shemeji, hilo jiwe lina maji."

Akasema, "Nishakaa."

Nikamletea maharage na ndizi zilizobaki mchana. Sikufanya kwa wema, mtu akikaa kwako saa ya chakula anakula. Akala pole pole. Alikuwa amekonda. Shingo imekuwa nyembamba kwenye kola, na kola yenyewe haijapigwa pasi.

Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Rwamagana."

"Anakula?"

"Anakula."

Akachokonoa meno. Akasema, "Amekuwa wa tatu."

Nikashangaa amejuaje. Kumbe alienda mwenyewe wilayani kusoma majina ukutani. Akasema walioomba walikuwa zaidi ya mia, wa tatu kati ya hao siyo mchezo, kuna watu wana digrii mbili wamekuwa wa sabini. Akaniambia kama vile mimi ndo niliyekufelisha.

Halafu akauliza, "Siku ile, alipoendelea kueleza mimi niliinama. Alitetemeka?"

Nikamwambia ukweli. "Miguu ilitetemeka. Sauti hapana."

Akasema, "Sauti nilisikia."

Tukakaa. Jioni ikafika, mstari wa ofisini ukaisha. Karani akatoka nje, akanyoosha mgongo, akatazama juu na chini kama kuna mtu anakuja. Baba yako alikuwa anamwona. Mimi nilikuwa namwona. Akaweka mkono kifuani kwenye ile karatasi, nikadhani sasa anainuka. Akatoa kitambaa, akafuta mdomo. Akaomba maji. Nikaenda kuyachota, na nakuambia nilichelewa makusudi, nilisuuza kikombe mara tatu. Niliporudi dirisha lilikuwa limefungwa na karani ameshapanda pikipiki.

Akanywa maji. Akainuka. Suruali nyuma imelowa yote, nikamwambia, akasema itakauka kwenye basi.

Hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba. Kwaheri hakusema. Alisema tu, "Ule mfereji uzibue, mvua ya Oktoba itaingia ndani." Akaenda.

Kwa hiyo hajakata. Kiwanja kimebaki. Nimelala juu yake siku mbili na bado sijapata usingizi, sijui kwa nini.

Kule Kirehe nyumba haina mtu ila yeye. Kabla hujaamua kukaa huko kwa watu, nenda. Akikunyamazia, nyamaza na wewe. Mkimaliza kunyamaza, niandikie.

Mama yako mdogo,
Jovia